Sauti Iliyopakwa Siagi

Katika nyumba ya Bazubagira Suzanne, juu kidogo ya bandari ya Baraka, hakuna kitu cha ngozi kilichopasuka wala cha mti kilichokauka. Mkanda wa mumewe, jalada la Biblia, kibuyu cha maziwa alichopewa na mama yake, hata mpini wa jembe: vyote hupakwa siagi ya ng'ombe kila kiangazi kinapoanza. Ndivyo alivyolelewa huko milimani, kwa wafugaji. Kitu unachotaka kidumu hukiachi kipigwe na upepo. Unatia siagi kiganjani, unakisugua kitu chako polepole mpaka kiganja kipate moto, kisha unakifunga katika kitambaa safi na kukiweka mbali na jua.

Majirani zake, watu wa samaki na mihogo, humtania kwa hilo.

"Mama Clarisse, weye hata mutoto akigonjwa, utamupaka siagi kwanza, ndiyo umupeleke ku hopitali!"

Yeye hucheka bila sauti. Si kwamba hataki kucheka kama wengine. Tangu alipopasuliwa rovu shingoni, miaka mingi sasa, maneno yake hutoka kama unga unaopepetwa: aliye karibu huyapata, aliye mbali huona midomo tu ikicheza. Anayemjua leo hawezi kuamini kwa urahisi kwamba mwanamume mmoja alipanda milima kumtafuta kwa ajili ya sauti peke yake.

Mwanamume huyo ni Alphonse, Mbembe wa Lweba, fundi wa mota za boti. Ujanani mwake boti zote zilizovuka kwenda Ubwari zilipita mikononi mwake, na siku moja alikuja Baraka kusubiri kipuri. Katika ua wa misheni alikuta watu wamekusanyika wakisikiliza santuri ya kwaya moja ya milimani, iliyorekodiwa Bujumbura. Wimbo ulianzwa na sauti moja ya mwanamke, kabla wengine hawajaingia. Alphonse alisimama na kopo la grisi mkononi mpaka wimbo ulipokwisha, akaomba urudiwe, ukarudiwa, akaomba tena, mpaka mwenye santuri akamwambia aichukue aende nayo, mradi watu wengine wapumzike. Kipuri kilifika jioni ile. Alphonse hakuwapo kukipokea. Alikuwa ameshaanza kuuliza njia ya kwenda milimani.

Baba yake Suzanne, mzee Sebineza, alimpokea kwa maziwa na kwa mzaha.

"Kumbe umekuja kuoa diski," alimwambia. "Diski haikamue ng'ombe, kijana."

"Nitakamua mimi, baba."

"Weye mutu wa samaki? Ng'ombe haina magamba. Utaishika wapi?"

Alphonse alijaribu. Ng'ombe aliupiga teke mtungi, maziwa yakamwagika kwenye viatu vya mgeni, na ua mzima ukaangua kicheko. Miongoni mwa wasichana waliokuwa wakicheka nyuma ya ua wa matete, mmoja alicheka kwa sauti ambayo Alphonse alikwisha kuisikia. Aligeuka, akamwonyesha kwa kidole chenye povu la maziwa, akasema, "Ni ule." Hakuwa amemwona uso.

Walioana, na santuri ile ya misheni ndiyo waliyokuja kuishi nayo. Mashine ya kuipiga hawakuwa nayo. Walikwenda kuisikiliza kwa marafiki, siku za ubatizo na siku za Noeli. Vita vilipowavusha ziwa mpaka Tanzania, Suzanne aliibeba kati ya nyungo mbili zilizoshonwa pamoja kwa kamba ya mgomba. Vyombo vilizama, nguo zikaoza, santuri ikafika. Kambini kulikuwa na vumbi jekundu lililopenya hata ndani ya masanduku. Basi kila kiangazi Suzanne aliitoa santuri pamoja na kibuyu na Biblia, akaomba siagi kidogo kwa wafugaji wa huko, akaisugua pande zote mbili mpaka kiganja kikapata moto. Waliporudi Baraka aliendelea. Ilikuwa nyeusi, ikang'aa, haikupata hata ufa mmoja. Kila alipoifunga tena katika kitambaa aliona amefanya kazi njema.

Mota, wakati huo wote, zilikuwa zikiyala masikio ya Alphonse. La kushoto lilifunga kwanza, bila kuaga. La kuume likaanza kupoteza vitu kimoja kimoja: kwanza vyura, kisha mvua nyepesi juu ya bati, kisha watoto. Sauti ya mke wake, iliyokuwa imebaki mnong'ono, ilitoweka mapema. Walizoea kuelewana kwa mikono na macho. Alipotaka kumwambia neno refu, Suzanne aliweka mdomo kwenye sikio la kuume, na Alphonse alifumba macho ili alipate vizuri.

Mwaka huu muuguzi wa hospitali alimchunguza, akamweleza kwa kuandika kwenye karatasi kwamba kinachoondoka hakitarudi, na kwamba kilichobaki hakitakaa sana. Alphonse alirudi nyumbani kwa miguu. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya mlango, akavua kofia.

"Mama Clarisse," alisema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "nataka kusikia diski. Mbele ya sikio kufunga. Ile mwanzo tu, kwenye unaimba peke yako. Kisha ifunge, haina matata."

Suzanne aliitikia kwa kichwa. Alikwenda chumbani, akaifungua santuri, akapitisha kidole juu yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikigusa kitu kile kama mtu anayetafuta sauti, si kama mtu anayetunza ngozi. Palipaswa kuwa na mifereji myembamba ambayo sindano hupita. Kidole chake kiliteleza kama juu ya tumbo la kibuyu. Mifereji ilikuwa imejaa. Aliifunga haraka, akakaa kitandani, na mikono yake ikawa na harufu ya siagi kuukuu. Hakumwambia mtu.

Aliyepata mashine alikuwa Bienfait, mtoto wa mdogo wake Alphonse, anayeshughulikia vyombo vya sauti kanisani siku za Jumapili. Ni kijana mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Aliipata Uvira, kwa familia moja iliyokuwa ikihama, na Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana aliingia ameibeba kifuani kama mgonjwa. Juu ya meza aliweka pia amplifikateri ya zamani ya kukuza sauti, bafle mbili, yaani spika za mbao, na waya zilizofungamana kama matumbo ya mbuzi. Umeme ulitoka kwenye batri inayojazwa na pano ya jua juu ya bati.

"Baba mukubwa, leo utacheza!" alipiga kelele kwenye sikio la kuume.

"Nani amezaa?" alijibu Alphonse.

"UTACHEZA!"

"Ah. Kwanza nisikie."

Suzanne alisimama mlangoni na santuri yake kifuani. Alitazama kila jambo Bienfait alilolifanya. Kutoka nyuma ya mashine zilitoka waya tatu. Mbili zilikuwa nene kidogo, moja na kichwa chekundu, nyingine na cheupe. Hizo zilikwenda nyuma ya amplifikateri. Bienfait alizichomeka mahali anapochomeka simu siku za kwaya, akaipokea santuri kwa Suzanne, akaiweka, akashusha sindano. Kilichotoka kilikuwa kama mbu aliyefungiwa ndani ya chupa.

"Haina nguvu," alisema. Alichungulia nyuma, akasoma maneno yaliyoandikwa juu ya matundu, akapata yaliyoandikwa PHONO. "Aaa, hii! Hii ndiyo mulango ya diski. Sindano iko natoa sauti kiloko, kidogo sana, inaomba mulango yenye kuikuza."

Alihamisha vichwa viwili. Safari hii bafle zilinguruma. Chini ya ngurumo ile kulikuwa na kitu kama kuimba, mbali, kana kwamba kwaya imefunikwa na blanketi.

"Na ile ya tatu?" Alphonse aliuliza, akionyesha waya mwembamba uliobaki ukining'inia. Ncha yake ilikuwa na kibati cha meno mawili, kama uma mdogo.

"Hii? Hii ni antene."

Hakuna aliyeshangaa. Kila nyumba yenye redio Baraka ina waya unaotokea dirishani kwenda kutafuta habari juu ya bati. Bienfait alitoboa wavu wa dirisha, akaurefusha ule waya kwa kipande kingine, akaufunga kwenye waya wa kuanikia nguo, kati ya shuka na kitenge. Akarudi ndani akijipangusa mikono.

"Sasa itakamata muzuri."

Ikakamata. Ngurumo iliongezeka mara dufu, kisha ndani yake sauti ya mwanamume ikatoka wazi kabisa, ya mtangazaji wa redio ya mtaani, akisema kwamba mbuzi mweupe wa pembe moja amepotea upande wa Mboko, na aliyemwona amfungie mahali penye majani.

Bienfait aliduwaa. Kisha akainama, akashika magoti kwa kicheko.

"Mama mukubwa! Mulitunza hii diski miaka yote hii, kumbe iko natafuta mbuzi!"

Suzanne alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alipoondoa kitenge alimwona mumewe. Alphonse hakuwa amemsikia mtangazaji. Alikuwa ameinamisha sikio la kuume kwenye bafle, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu anachokijua mno.

"Mota," alisema. "Mota ya boti, iko nazunguka bila kwenda. Ni ile ile yenye iko mu kichwa yangu siku zote." Aliinuka taratibu. "Aksanti, Bienfait. Umefanya kazi. Zima tu."

Akaenda kukaa nje kwenye kiti chake.

Bienfait alizima. Alinyanyua mkono wa sindano, akaitazama sindano, akakunja uso. Kwenye ncha yake kulikuwa na kidonge cha uchafu wa kijivu. Alikigusa, akakisugua kati ya vidole viwili, akakinusa.

"Mama mukubwa," alisema polepole, "hii diski muliikaanga?"

Hapo ndipo Suzanne alipokaa. Alimweleza kwa mnong'ono wake yote: kibuyu, Biblia, kambi, vumbi, kila kiangazi. Alipomaliza aliongeza, "Nimeizika mwenyewe. Ile sauti, nimeizika na mikono yangu." Kisha akatoka nje, kwa sababu kuna mambo ambayo mke hamwachii kijana ayapeleke kwa mumewe. Alipiga magoti kando ya kiti, akaweka mdomo kwenye sikio la kuume, na kusema tena kila kitu tangu mwanzo.

Alphonse alisikiliza amefumba macho. Ilichukua muda. Mwisho alifumbua moja.

"Siagi? Kila mwaka?"

Aliitikia.

"Na mimi ulinipaka, ile mwaka nilianguka ku bandari, mugongo muzima. Nimenuka kama ndama, bavuvi banakimbia." Alianza kucheka. "Nilivunjika? Sikuvunjika. Kuya, tuioshe."

Waliiosha wote watatu, uani. Suzanne alipasha maji ya mvua mpaka yakawa vuguvugu tu, akatia sabuni ya unga chembe, akakoroga mpaka ikayeyuka kabisa. Hakumruhusu Bienfait aishike. Aliilaza santuri juu ya mapaja yake, kwenye taulo, akaiosha kama anavyooshwa mtoto mchanga, akifuata mviringo wa mifereji na si kuikata, kwa kitambaa chembamba cha shela aliyoivaa siku ya harusi, kwa kuwa hakukuwa na kitu laini zaidi nyumbani. Karatasi ya katikati, yenye jina la kwaya, aliifunika kwa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga ili isilowe. Maji yalikuwa meupe, kisha ya kijivu, kisha yakaonyesha wekundu wa vumbi la kambi. Alphonse aliyatazama yakimwagwa chini. Bienfait alisafisha sindano kwa brashi ndogo, akipuliza kati ya pigo na pigo.

Santuri ilipokauka, mifereji ilionekana tena. Ukiigeuza kwenye mwanga, mstari mwembamba ulikimbia juu yake kutoka ukingo mpaka katikati.

Bienfait alikifungua kile kipande cha waya cha dirishani, akauacha waya wenyewe ukining'inia nyuma ya mashine kama mwanzo. "Antene hatuitake tena. Mbuzi apatikane na benyewe." Alishusha sindano. Mtangazaji hakuwapo. Blanketi lililokuwa limefunika kwaya lilikuwa limeondolewa. Lakini ngurumo ilibaki, nene, bila kupumua, na Alphonse, aliyekuwa amerudi kwenye bafle, alitikisa kichwa. Kwake yeye ile ngurumo ilifunika kila kitu.

Sindano ilianza kurukaruka kidogo. Meza ilikuwa na mguu mfupi. Suzanne alinyoosha mkono ili kuituliza mashine, na vidole vyake vikashika chuma kilicho chini ya mkono wa sindano.

Ngurumo ikanyamaza.

Haikwisha kabisa, ilizama, kama mota ya boti inapozimwa, mawimbi madogo yakabaki kugonga ubavu. Na juu ya utulivu ule msichana alikuwa akiimba. Alikuwa peke yake, wengine hawajaingia. Suzanne alimsikia kama mtu anayemwona binti wa jirani aliyekuwa mdogo, na sasa haamini alivyo mrefu.

Alphonse aliinua kichwa ghafla.

Suzanne aliogopa, akaondoa mkono. Ngurumo ikarudi.

"Rudisha!" Bienfait alipiga kelele. "Mama mukubwa, rudisha mukono!"

Aliurudisha. Msichana akaendelea kuimba.

"Usitoe," alisema Alphonse. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. "Usitoe, usitoe." Kisha, baada ya muda, mkono wake ulianza kutafuta hewani, upande ambako mke wake huketi. "Mama Clarisse, uko wapi? Kuya, ukae hapa."

Hakuweza. Alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, amefungwa na chuma. Akiondoka, sauti itazama. Akibaki, kiti kilicho kando ya mumewe kitakuwa kitupu, naye anaitwa. Alimtazama Bienfait, na Bienfait akaelewa kwamba hilo lilikuwa juu yake.

Alilala chini ya meza na tochi ya simu. Alifikiri kwa sauti, kama kawaida yake. "Mukono yake iko nafanya nini? Iko natoa ile kelele ku mashine, inaipeleka mu mwili yake. Inataka njia. Inataka kwenda fasi fulani." Mwanga ulipita nyuma ya amplifikateri na kusimama. Kando ya matundu ya PHONO kulikuwa na skurubu ndogo inayolegezwa kwa vidole. Siku zote alidhani ni ya kufungia kifuniko, na alikuwa akijiuliza ni kifuniko gani hufungwa kwa skurubu moja. Juu yake palichorwa mistari mitatu, mrefu, wa kati na mfupi. Mchoro ule aliujua: uko kanisani, kwenye sanduku la umeme, pale waya unapoteremka kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa udongoni.

"Haikuwa antene," alisema kutoka chini. "Eh, Bienfait, weye mupumbavu. Ilikuwa nataka kushikana na mwenzake, mi naituma ku kamba ya nguo."

Alikwangua kutu kwenye kibati chenye meno mawili, akaingiza meno yale chini ya skurubu, akakaza.

Kimya kilichokuja kilikuwa kipana kuliko kile cha mkono wa Suzanne. Hata mawimbi madogo yalikwisha.

"Sasa utoe mukono, Mama mukubwa. Polepole."

Aliinua kidole kimoja, kisha cha pili. Hakuna kilichobadilika. Aliondoa kiganja chote, akabaki amekiinua hewani, akiwa hana uhakika kwamba ameachiliwa. Msichana wa kwenye santuri aliendelea bila yeye.

Bienfait alirudisha sindano mwanzo, akasogeza bafle moja karibu na kiti cha Alphonse, akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

Suzanne alikaa. Alphonse alikuwa ameweka sikio la kuume kwenye mbao za bafle, na mkono wake uliokuwa ukitafuta ukampata. Walisikiliza ule mwanzo mpaka kwaya nzima ilipoingia. Santuri ilikwaruza hapa na pale, na mahali pamoja iliruka neno. Suzanne alilijua neno lililorukwa, na midomo yake ikalitaja. Mumewe aliona.

"Imba," alimwambia.

Alitikisa kichwa, akaonyesha shingo.

"Imba tu. Nani atakusikia? Bienfait ameenda. Mimi ni kiziwi."

Ilikuwa kweli, na ilimchekesha. Aliweka sindano mwanzo yeye mwenyewe, kwa uangalifu, kama alivyomwona kijana akifanya. Msichana alipoanza, mwanamke alianza naye, kwa ule mnong'ono wenye mikwaruzo, chini yake kabisa. Alphonse hakuusikia. Aliutoa mkono wake kwenye kiganja cha mkewe, akaupandisha, akaulaza juu ya kovu la shingoni. Chini ya vidole vyake ngozi ilitetemeka, ikatulia kwenye pumzi, ikatetemeka tena. Aliinua sikio lake kutoka kwenye bafle. Santuri ilikuwa bado inaimba karibu naye, lakini alimgeukia mke wake, akabaki hivyo, mkono shingoni, mpaka upande ule wa santuri ulipokwisha.

"Iko," alisema.